Paka rangi ao badilisha kitambaa? Nguo za ndege, tangu Mtoa 1916 mpaka hanga yetu



Juma lililopita ndugu mmoja wa promosheni yetu aliniuliza: «Wewe mtu wa historia, ulienda kutafuta nini kwenye hanga ya ndege?» Nilimuahidi kama nitajibu kwa maandishi. Jibu fupi ni hili: waliniita juu ya kusoma daftari za zamani. Jibu refu linapita karibu miaka mia moja, kwa hiyo mutanivumilia kidogo.

Miaka michache iliyopita, kikundi cha watu wenye wanapenda kuruka, huku Katanga, walikuwa na ndege ndogo ya zamani, Piper J-3 Cub. Viti viwili, kimoja mbele, kingine nyuma. Injini ya nguvu-farasi 65. Mwili wake ni mirija ya chuma yenye imeunganishwa kwa moto, mabawa yake yana mbavu nyepesi, na juu ya vyote wamevalisha kitambaa. Ndiyo, kitambaa. Watu mingi wanafikiri kama kila ndege ni bati tupu. Ukigonga Cub na kidole, inalia sawa ngoma.

Rangi ya ile ndege ilikuwa imepasuka-pasuka, hasa juu ya mabawa. Mweka hazina wa kikundi alikuwa na pesa za rangi. Kubadilisha kitambaa chote ingelipishwa karibu mara tano, na miezi mingi ya kazi. Fundi wao, muzee mwenye alitumika miaka mingi kwenye viwanja vya ndege, alisema neno moja tu: «Mbele ya kuchagua, tujue hii nguo iko na miaka ngapi.» Hakuna mwenye alijua. Daftari za ndege zilikuwa sanduku nzima, zingine kwa Kifaransa, zingine kwa Kiingereza, zingine zimeliwa na mende. Njo pale walinitafuta.

Nitasema ukweli kabisa: mimi pia nilitaka rangi. Nilikuwa nimeahidi mutoto wa dada yangu, kijana mwenye alitamani sana kuwa rubani, kama tarehe 30 Juni ataketi kwenye kile kiti cha mbele. Kusoma daftari, kwangu, ilikuwa kazi ya kumaliza haraka ili rangi ianze. Lakini mtu wa historia, ukimupa daftari moja, atataka kujua na ile yenye ilitangulia.

1. MTOA, 1916

Mimi ni mutoto wa Kalemie. Tulipokuwa wadogo tulijua Mtoa kama mahali pa samaki tu, kando ya ziwa, upande wa kaskazini. Hakuna mwalimu mwenye alituambia kama wakati wa vita ya kwanza ya dunia ndege za vita zilitengenezwa na kurushwa kule.

Mambo yalikuwa hivi. Wajerumani walishika Kigoma, ng'ambo ya Tanganyika, na meli yao kubwa, Graf von Götzen, ilikuwa inatisha ziwa lote. Wabelgiji wakapata kwa Waingereza ndege 4 za kutua juu ya maji, aina ya Short 827. Zilifika ndani ya masanduku: meli mpaka Matadi, kisha reli, kisha mto, kisha tena reli, mpaka kwenye ziwa. Mawimbi ya Tanganyika yalikuwa makali sana kwa zile ndege, ndiyo sababu walitumia kaziwa kadogo ka karibu, Tungwe, kwenye maji matulivu. Tarehe 10 Juni 1916, ndege moja ilivuka na kuangusha mabomu Kigoma. Mwisho wa Julai Wajerumani waliacha Kigoma, na mbele ya kuondoka walizamisha Götzen wao wenyewe. Meli ile iliinuliwa mwaka 1924, ikapewa jina la Liemba, na watu wa pande zote za ziwa wanaijua mpaka leo.

Vitabu vinasimulia mabomu. Mimi, kisha ile kazi ya hanga, ninafikiria mafundi. Wahenga walisema: ukiona vyaelea, vimeundwa. Short 827 ilikuwa mbao, waya, na kitambaa cha kitani. Jua la Tanganyika mwalijua. Munajua pia ule unyevu wa asubuhi, wenye unaotesha kuvu hata juu ya viatu. Kitani kina maadui wawili, na ni hao hao: jua linakata nyuzi polepole, unyevu unaziozesha. Kila asubuhi, mtu alipaswa kuzunguka ile ndege na kuamua kama nguo yake inaweza kuvuka ziwa. Swali letu la hanga lilianza zamani.

2. RANGI YENYE HAIKUWA RANGI

Hapa njo tunapaswa kuelewana vizuri, juu vita yote ya kikundi chetu ilitoka hapa.

Ndugu wawili Wright, waliporuka Desemba 1903 huko Marekani, walivalisha ndege yao pamba ya kawaida yenye haikupakwa kitu. Nyuma yao, watengenezaji walijifunza kupaka maji mazito yenye yanatoka kwenye selulosi. Mafundi wanayaita dopu. Ukipaka dopu juu ya kitambaa, inapokauka inajivuta, na kitambaa kinakazika sawa ngozi ya ngoma. Inaziba vitundu, upepo na maji havipite. Kwa hiyo tabaka za kwanza si urembo. Bila hizo, kitambaa kinalegea na bawa halifanyi kazi yake.

Ile dopu ilikuwa na deni lake. Aina ya nitrati inashika moto haraka sana. Ni ndugu wa baruti. Na Uingereza, wakati wa vita, dopu zingine zilitiwa kiyeyushio kinachoitwa tetrakloroetani. Wafanyakazi wa viwanda, wanawake mingi kati yao, waligeuka macho ya manjano, ini likaharibika, na wengine walikufa, mpaka kile kiyeyushio kikaachwa. Tunapotaja marubani wa ile vita, tukumbuke na wale wenye walipaka mabawa.

Kisha Waingereza waliona kama jua linaua kitani hata kikipakwa dopu yenye kuwa wazi sawa kioo. Wakatia ndani yake unga wa rangi juu ya kuzuia mionzi. Ile rangi ya kahawia-kijani yenye munaona kwenye picha za ndege zao, waliiita PC10. Watu wanafikiri ilikuwa ya kujificha tu. Kazi yake kubwa ilikuwa kukinga nyuzi na jua. Baadaye mafundi walizoea kutia unga wa alumini: tabaka la fedha chini, rangi ya kupendeza juu. Ukikwaruza ndege ya kitambaa na kuona fedha, ule ni mwavuli wake.

Mushike hili neno la mwavuli. Mwavuli unakinga mtu na jua. Hauponyeshi mtu mwenye jua limekwisha kumupiga.

3. MTO, NA SAFARI YA SIKU 51

Vita ilipoisha, ndege za kitambaa zilikuja Kongo kwa kazi ya amani. Kuanzia 1920 kulikuwa njia ya ndege yenye iliitwa jina la mufalme Albert, yenye kufuata mto toka Kinshasa. Mwaka 1921 ilifika Stanleyville, yaani Kisangani ya leo, zaidi ya kilomita 1,700. Zilikuwa ndege za maji za Kifaransa, Lévy-Lepen, za mbao na kitambaa. Mwaka 1922 ile njia ilifungwa.

Kisha tarehe 12 Februari 1925, Edmond Thieffry na wenzake wawili waliondoka Brussels na Handley Page ya injini tatu, yenye mabawa ya mbao na kitambaa pia. Walifika Léopoldville tarehe 3 Aprili, siku 51. Saa za kuruka zenyewe zilikuwa chache. Siku nyingi zilikwisha chini, kungoja na kutengeneza. Historia inahesabu kuruka, lakini maisha ya ndege ya kitambaa yanapita zaidi chini. Siku moja nje juani ni siku ya uzee, hata kama haikuruka. Ndiyo sababu muzee wetu aliuliza ile ndege ililala wapi, mbele ya kuuliza iliruka saa ngapi.

4. PAMBA ILIKUWA NA HESABU

Cub yetu ni ya ukoo wenye ulitengenezwa Pennsylvania kati ya 1938 na 1947, zaidi ya ndege 19,000. Wakati ule Wamarekani walivalisha pamba, siyo kitani. Na waliiwekea hesabu, jambo lenye nilipenda sana.

Chukua ukanda wa ile pamba bora, upana sentimita 2.5. Ikiwa mupya, inapaswa kubeba karibu kilo 36 mbele ya kukatika. Ikishuka chini ya kilo 25, kwa ndege nzito ao ya mbio, inatolewa. Kwa ndege nyepesi na ya polepole, sawa Cub, kuna kipimo kingine: mpaka kilo 21 inaruhusiwa. Chini ya hapo, hapana. Yaani kitambaa kinaruhusiwa kupoteza asilimia 30 ya nguvu yenye sheria inaomba, siyo zaidi.

Muone: katika ile hesabu hakuna neno rangi. Rangi inaweza kung'aa na kitambaa chini yake kimekufa. Kikwembe chenye kimekaa miaka kwenye kamba ya nyumba, maua yake bado yanaonekana. Kivute kidogo, kinapasuka. Kuko na dawa ya kulainisha dopu ya zamani yenye imepasuka, ili nyufa zijifunge. Ni dawa nzuri, lakini inarudisha dopu ujana. Uzi haiurudishie kitu.

Na kila tabaka lina uzito. Cub yenye imejaa haipaswi kupita kilo 553, na kiwanja cha Lubumbashi kiko karibu mita 1,300 juu ya bahari, kwenye hewa nyepesi. Ukiongeza rangi juu ya rangi juu ya rangi, unamubebesha punda mzigo wenye hakuna mtu atauuzisha. Kwenye mkia na vile vibawa vya kugeuza ndege, ni hatari zaidi: usawa ukibadilika, vinaweza kuanza kutetemeka angani mpaka kuvunjika.

5. POLIESTA

Miaka ya 1950 na 1960 kilikuja kitambaa cha poliesta. Hakiozi na unyevu sawa pamba. Hakikazwe na dopu bali na pasi. Mama mwenye alishapiga pasi nguo ya poliesta na moto mingi anajua: inajikunja. Mafundi walichukua lile kosa la jikoni wakalifanya kazi: pasi yenye imepimwa, kwanza karibu digrii 120, mwishoni karibu 177, na kitambaa kinajivuta mpaka kinalia. Lakini hata poliesta inaogopa jua. Ikikosa ule mwavuli wa fedha, nayo inakufa. Ikifunikwa vizuri na kulala ndani ya hanga, inaishi miaka mingi sana.

Kwa hiyo swali la «paka ao badilisha» halina jibu moja. Kama chini kuko poliesta yenye nguvu, na nyufa ziko kwenye rangi tu, kupaka ni kazi ya haki, na kubadilisha ni kutupa pesa. Kama chini kuko pamba ya zamani, ni mambo mengine. Inabidi ujue kuko nini.

6. NDOO YA MCHANGA

Kwenye kikundi kila mtu alisema: «Iko poliesta. Walibadilishaka.» Nani aliwaambia? «Bale ba mbele yetu.» Nikaingia ndani ya sanduku.

Nilitumia siku tatu. Nilikuta mistari miwili yenye kusema ndege imepakwa rangi, na tarehe zenye kuachana miaka tisa. Juu zaidi nikakuta mstari mumoja wa kitambaa: mabawa na mwili vimevalishwa upya, kwa pamba. Nyuma ya huo, hakuna tena kitambaa. Rangi, rangi, basi. Kila kizazi kiliona nyufa kikapaka, na kile chenye kilifuata kiliona kung'aa kikafikiri kitambaa ni kipya. Neno «walitengeneza» lilibebwa mdomo kwa mdomo mpaka likageuka «walibadilisha». Wenye walisoma historia na mimi, munakumbuka somo la ushuhuda wa mdomo na ushuhuda wa maandishi. Sikufikiri siku moja litanikuta chini ya bawa.

Muzee aliomba kukata vipande. Mweka hazina akakasirika: «Unataka kutoboa avio yenye inarukaka?» Nilimuelewa. Ni vigumu kukubali tundu kwenye kitu chenye unaogopa kupoteza. Lakini mwishoni walikubali vipande viwili vidogo.

Muzee alisafisha dopu na kiyeyushio, kisha akachoma kauzi kamoja. Poliesta ingeyeyuka na kuacha katone kagumu. Hii iliwaka sawa karatasi, ikaacha jivu. Pamba. Akashika ukanda wa sentimita 2.5 wa chini ya bawa, upande wenye hauonake jua, akautundika, akafunga ndoo, akaanza kutia mchanga polepole na kikombe. Ulikatika. Tulipima ndoo kwenye mizani ya soko: kilo 24. Watu walipiga makofi. Mweka hazina alinishika bega: «Unaona?»

Kisha akachukua ukanda wa juu ya bawa, pale kwenye mustari wa rangi nyeusi, yenye inakulaka jua kupita zingine. Nilihesabu vikombe. Ulikatika mbele ya ndoo kujaa nusu. Kilo 13.

Mtu mmoja akasema: «Tuchukue katikati, haiko mbaya sana.» Muzee hakupandisha sauti. «Mwanangu, avio haipasukake kwa katikati. Inapasukaka pale kuko mubaya. Na angani, upepo unavutaka nguo ya juu ya bawa, unaivuta kuenda juu. Pale njo iko kilo 13.» Kisha akasema neno lenye lilitoa kicheko, hata kwa wale wenye walikasirika: «Munaniambia paka rangi, paka rangi. Mimi nawajibu: hii yote munaona hapa, ni paka rangi.»

Wenye hawaongee Kiswahili cha kwetu, niwaambie: «paka» huku ni «tu». Ni rangi tu.

7. KURA

Tulipiga kura ileile jioni. Kubadilisha kulishinda kwa kura mbili. Nilinyoosha mkono kwa kubadilisha nikifikiria namna gani nitamuambia mutoto wa dada yangu.

Walipovua nguo yote, tulikuta ndani ya bawa kitanda cha panya, na chini ya mkia mrija wa chuma umekuliwa na kutu, mahali maji yanakusanyikaka. Hakuna rangi yenye ingetuonyesha ule mrija. Fundi aliukata, akaweka mwingine.

Sitawadanganya kama mambo yote yaliisha vizuri. Pesa zilikosa mara mbili. Wanamemba wawili waliondoka, na mmoja mpaka leo anasema tuliua kikundi juu ya ndoo ya mchanga. Kazi ilichukua miezi 14. Siku ndege iliporudi angani, ilikuwa siku ya kazi ya kawaida, watu saba tu pale. Mutoto wa dada yangu alikuwa tayari Kolwezi, kwenye kazi ya mgodi. Nilimutumia picha. Alijibu: «Iko muzuri, mujomba.» Hakuomba tena kuruka.

Nilibaki na kipande kimoja cha nguo ya zamani. Upande mumoja kinang'aa. Ukikishika kwa vidole viwili na kukivuta, kinapasuka sawa gazeti.

Muzee aliniomba niandike mimi mustari wa kwanza kwenye daftari mupya, juu mwandiko wangu unasomeka. Nikaandika tarehe, aina ya kitambaa, tabaka ngapi za fedha, tabaka ngapi za rangi, na ukanda wa kipimo umekatika kwa kilo ngapi. Akasoma, akaniambia niongeze: «Kitambaa kimebadilishwa. Siyo rangi.» Nikaongeza, ili mwenye atafungua lile sanduku kisha miaka makumi matatu asiulize «bale ba mbele yetu».

Ndugu wahitimu, wenye muko na daftari, picha ao barua za viwanja vya ndege vya zamani, Kalemie, Manono, Kamina ao penginepo, musizitupe. Muniandikie hapa chini.